Bahasha Zilizopita Bila Muhuri

2 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Sisi huku hatujambo, kwa maana kwamba kila aliyelala jana ameamka leo, na wengine wameamka na maneno. Shangazi amehamia chumba cha mbele. Alisema anakuja wiki moja kumsaidia kaka yake, akaja na masanduku matatu, jiko lake na pazia. Mtu wa wiki moja habebi pazia. Anakusalimu, anasema umekonda. Nilimwuliza amekuona wapi, akasema ameuona mwandiko wako.

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Flashi yako haina budi kusafiri na basi, maana intaneti humu ndani ni kama mgeni mkubwa, tunamsikia tu kwa wengine. Basi heri isindikizwe na karatasi. La pili, nyumba hii unaijua: ukikohoa chumbani, sebuleni wanakwambia pole. Na Baba ni ulimi uliogoma, masikio hayakugoma.

Mchezo uliomtengenezea Baba umefunguka. Kompyuta ni ile niliyoazimwa na shule ninayoshonea sare, na ukiiwasha inanguruma kama mtu aliyeamshwa kwa ubaya. Nilimketisha Baba, nikauweka mkono wake wa kulia juu ya kipanya kama alivyonielekeza Mnyooshaji. (Ndilo jina Shangazi alilompa yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitalini, na sasa hata mimi la kwake limenitoka.) Bahasha ya kwanza ilipoingia kwenye kioo, ikisafiri juu ya mkanda wake kuelekea guniani, Baba akacheka kwa ule upande wa uso unaocheka. Tangu kiharusi kimpige alikuwa hajacheka. Amegonga mihuri posta mpaka akastaafu, na wewe umemrudishia kaunta yake mezani. Sikujua kwamba umejifunza haya yote peke yako, kwenye vitabu vya kuazima. Nilidhani unapoteza wakati.

Mnyooshaji amefurahi. Anasema mkono hauponi kwa kuvutwa na kunyooshwa tu, lazima wenyewe utake kitu. Sasa unataka bahasha.

Ila kuna jambo. Baba anabofya, namwona anabofya, na ile tik ya kipanya naisikia, lakini bahasha inapita bila muhuri. Si zote. Baadhi. Halafu ananitazama kama mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Unakuja lini?

Dada yako

*

15 Februari

Dada,

Nimepata yako na nimeisoma nikiwa kazini, chini ya meza, huku nikijifanya natafuta skrubu. Mimi mzima. Karakana bado inasimama. Mzee Pole, bosi wangu, tumempa jina hilo kwa sababu ndilo neno analompa kila mteja kabla hata hajafungua mashine. Juzi kaja mtu na kompyuta iliyomwagikiwa uji akaapa kwamba imeharibika yenyewe. Mzee Pole akamwambia pole. Mimi nikakuta ndani kijiko.

Mwambie Shangazi sijakonda, ni kalamu iliyokonda.

Sasa hilo la Baba. Usiwe na wasiwasi, hiyo ni kawaida. Kwanza fungua kipanya chini, utakuta uchafu, utoe. Pili angalia kimekaa juu ya nini. Kama ni kile kitambaa cha meza chenye maua, kitoe, kipanya hakipendi maua. Tatu, azima kipanya kingine ulinganishe. Nne, cheza wewe mwenyewe, halafu umwekee Shangazi, uone kama nanyi bahasha zinawapita. Mimi huku nimecheza mpaka nimechoka, haijanipita hata moja ninayoigonga.

Inawezekana pia Baba anadhani amebofya. Usimwambie hivyo.

Kuhusu kuja, tulimalize hili kwanza.

Mdogo wako

*

1 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa wote, na Shangazi anasema kitambaa cha maua ni chake na kipanya ndicho kizoee. Cherehani yangu imepata ugonjwa wa kuruka mishono, shule zinataka sare, lakini hayo ni ya kila mwaka.

Nimefanya yote uliyosema. Nimekitoa uchafu, kilikuwa na nywele za watoto wa shule nzima. Nimeazima kingine. Nimecheza mimi: hakuna iliyonipita. Shangazi amecheza: hakuna iliyompita, na anabofya kama anayeua chawa. Baba akikaa, zinampita. Na si kwamba anadhani. Nilikaa sikio langu likiwa karibu na kipanya kama daktari. Tik, na bahasha inakwenda zake. Tik, na inakwenda zake. Bahasha zikiwa mbili tatu kwenye mkanda, nyingi anazipata. Zikijaa, kompyuta inaanza kusuasua, picha inakwenda kwa kwikwi, na hapo ndipo zinapompita kabisa.

Kwa hiyo niliacha kutazama kioo nikatazama vidole. Mimi nikibofya, kidole kinakaa kidogo, kama ninavyoshikilia kifungo kabla ya kukishona. Shangazi anakandamiza mpaka kucha inabadilika rangi. Baba hakandamizi. Hawezi, na hata angeweza asingefanya. Unakumbuka alivyotufukuza tulipochezea muhuri wake tukiwa wadogo? "Muhuri haukandamizwi, wino utatapakaa. Unagongwa, unaondoka." Ndivyo anavyofanya. Anakiachia kidole kianguke kwa uzito wake, kinadunda, kimeshainuka. Mnyooshaji anasema huko kuanguka kwa kidole ndicho kitu pekee ulichonacho mkono ule kwa sasa, na tukilinde kama yai.

Nakwambia haya kwa sababu ya kilichotokea juzi. Bahasha zilimpita tano mfululizo. Baba akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaupiga kofi. Akaupiga tena, taratibu, kama mtu anayemwadhibu mtoto asiyemtaka tena. Shangazi aliondoka chumbani, na unajua Shangazi haondoki mahali penye jambo.

Akishaamini kwamba ule mkono umekufa, Mnyooshaji anasema hata yeye hatakuwa na cha kunyoosha.

Unakuja lini?

Dada

*

14 Machi

Dada yangu,

Karakana ni nzima. Nami sijambo. Nakwenda moja kwa moja maana nina furaha na aibu kwa pamoja, na zinagombania kalamu.

Mkono wa Baba hauna kosa. Mwambie leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Kosa ni la programu yangu.

Nitakueleza jinsi nilivyojieleza mwenyewe. Mchezo wangu unachora picha moja baada ya nyingine, haraka, ndiyo maana bahasha zinaonekana zinakwenda. Mimi nilipanga kwamba kabla ya kila picha programu iulize mara moja: kitufe cha kipanya kimebonyezwa sasa hivi? Ni kama mlinzi asiyekaa mlangoni. Yuko ndani anapika, na kila baada ya muda anachungulia dirishani kuona kama kuna mgeni. Kwenye mashine yangu anachungulia mara nyingi mno kwa sekunde, hakuna anayemponyoka. Kwenye hiyo ya shule, mkanda ukijaa, kazi ya kuchora inamlemea, anachungulia mara chache. Wewe ukibisha unasubiri, anakukuta. Shangazi akibisha hata jirani anatoka. Baba anabisha na kuondoka. Mlinzi akichungulia, kidole hakijashuka. Akichungulia tena, kimeshapanda. Naye anaapa kwamba hakuja mtu.

Kila programu ya wajinga iko hivyo, na mimi niliijaribu kwa vidole vya wajinga, yaani vyangu.

Sasa nimeweka kengele. Kompyuta yenyewe huwa inajua kila kitufe kinaposhuka na kinapopanda, ila sikuwa nikiiuliza. Kila mbofyo unaingia kwenye foleni na kusubiri hapo, hata mlinzi achelewe namna gani. Akirudi anaisoma foleni yote, mmoja baada ya mwingine. Nimeongeza na jambo moja: mbofyo unahukumiwa kwa pale mshale ulipokuwa wakati kidole kinashuka. Bila hivyo, mlinzi akichelewa bahasha itakuwa imeshasogea, na Baba ataambiwa amegonga meza.

Flashi ni hiyo, ndani ya soksi. Soksi ni za Shangazi, asijenge hoja.

Kuja, bado kazi zimenibana.

Mdogo wako mlinzi

*

2 Aprili

Mdogo wangu,

Tumeamka wazima, na leo sisemi kwa mazoea.

Nilimwambia Baba kama ulivyoagiza, kabla sijamaliza kusoma. Nilisema: "Baba, mwanao anasema mkono hauna kosa, kosa ni lake."  Akautazama mkono, akaupapasa pale alipoupiga.

Na kweli hazimpiti. Kidole kikianguka, muhuri unagonga, na ile sauti uliyoiweka, sijui uliitoa wapi, ni ya kaunta ya posta kabisa. Zikijaa mkandani picha bado inapata kwikwi, lakini muhuri unakuja, umechelewa kidogo, kama mshahara. Anapata sabini kwa bahasha mia. Shangazi anacheza Baba akilala. Nikimkuta anasema anapangusa vumbi.

Mnyooshaji aliniuliza anapata ngapi. Nikamwambia sabini. Akasema "Enhee," akaandika kwenye karatasi zake. Nilijisikia kama mimi ndiye niliyefaulu.

Kidole cha pili kimeanza kutikisika. Naandika polepole nisikitishe.

Unakuja lini? Anatazama mlango ukifunguliwa, na akiona ni mimi anajitahidi asionyeshe.

Dada

*

9 Mei

Mdogo wangu,

Umekaa kimya, nasi tumekaa kimya, kwa hiyo hatudaiani. Sare zimekwisha. Shangazi amegombana na jirani kuhusu maji ya kufulia na wamepatana kwa kumsema mtu wa tatu.

Baba aliteleza kidogo bafuni mwezi uliopita. Si kitu, usihangaike. Alikaa hospitali siku chache wamwangalie, akarudi.

Nilichotaka kusema ni kwamba ule ugonjwa wa mchezo umerudi. Bahasha zinampita tena, na safari hii hata zikiwa chache. Alianza kupata hamsini, sasa hafiki ishirini. Itakuwa ile foleni yako, labda imejaa, labda inadondosha nyingine. Au kompyuta imechoka. Mshale anaupeleka vizuri, maana bega bado linasukuma, unafika juu ya bahasha na kukaa pale. Halafu hakuna kinachotokea.

Nakuomba, fanya lolote. Sijui mambo yako ya mistari, wala sitaki kuyajua. Ilimradi zigongwe. Ameanza tena kuutazama ule mkono kwa namna ile.

Dada

*

27 Mei

Dada,

Natumaini hamjambo. Mimi nipo.

Wiki hizi zote nimezimalizia kwenye hilo. Mzee Pole alikuwa na kompyuta nzee stoo, baba mmoja mama mmoja na hiyo yenu, nikaiomba. Nimeweka mchezo humo, nikajaza mkanda bahasha mpaka picha ikawa inakwenda kama mzee anayepanda ngazi. Nikagonga kwa kidole, kwa penseli, kwa ncha ya bisibisi, haraka kuliko Baba, haraka kuliko mtu yeyote mwenye akili timamu. Mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nina ugomvi na kile kipanya. Foleni haijapoteza mbofyo hata mmoja. Niliisoma programu mstari kwa mstari, kwanza kutoka juu, halafu kutoka chini, kama mtu aliyeangusha ufunguo njiani.

Uliandika tik ulipoandika mara ya kwanza. Safari hii hukuandika tik.

Aliteleza vipi?

Hata hivyo nimepata njia. Weka hii mpya. Nimeupunguzia mchezo ukali. Baba apeleke mshale kwenye bahasha, atulie hapo, aguse anavyoweza. Utaona tofauti siku hiyo hiyo. Usiniulize nimefanya nini, umesema mwenyewe hutaki kuyajua.

Likizo yangu imesogezwa.

Mdogo wako

*

20 Juni

Mdogo wangu,

Mikono yako ibarikiwe, yote miwili.

Tisini kwa mia. Nakwambia tisini. Mara ya kwanza nilidhani nimeona vibaya, nikaita Shangazi, akaja na mwiko mkononi. Bahasha inaingia, mshale unakaa, muhuri huo. Shangazi amewatangazia jirani, fundi viatu na mwenye duka, na kwa mwenye duka imeshafika mia na kumi.

Swali lako la bafuni tutaongea siku nyingine.

Baba tu ndiye amekuwa mkaidi. Anacheza kidogo, kisha anakisukuma kipanya pembeni kwa bega na kugeuza uso. Namrudishia mkono, anasukuma tena. Namrudishia. Shangazi anasema mgonjwa akianza ukaidi ujue anapona, maana ndiyo tabia yake ya asili. Basi kila asubuhi namketisha, namshikilia kifundo cha mkono, mpaka bahasha mia ziishe. Mnyooshaji alisema mazoezi hayataki huruma.

Naye nilimpelekea habari. Aliuliza mara mbili, "Tisini? Kwa mkono ule ule?" Nikamwambia kwa ule ule. Akaandika, akasema atampeleka hatua nyingine. Sikuuliza hatua gani, lakini sauti yake ilikuwa nzuri.

Sasa uje uone mwenyewe. Lini?

Dada

*

1 Julai

Dada,

Nakuandikia kwa haraka, basi linaondoka.

Usimpe Mnyooshaji namba za mchezo. Mchezo ni wa kumchangamsha Baba tu. Mwambie autazame mkono wenyewe, aushike, aupime kwa vyombo vyake. Kama ameshaandika hiyo tisini mwambie aifute, mwambie mdogo wako, fundi, yeyote, kasema kompyuta ina kasoro. Mwambie kesho.

Nitaeleza.

Mdogo wako

*

11 Julai

Mdogo wangu,

Yako ya tarehe moja imefika jana. Basi liliharibika njiani, mizigo ikalala, nawe unajua. Tuko wazima.

Hatua nyingine maana yake ni mlangoni. Viti vya mazoezi pale hospitalini ni vichache, na anayepata tisini hahitaji kiti. Walimpongeza Baba. Mkuu wao alimpa mkono, ule wa kulia, akaushika yeye mwenyewe maana haukuinuka, akautikisa, akauachia ukaanguka. Nafasi yake amepewa mama mmoja, na mama yule anaihitaji, nimemwona. Nilipokwenda tena kusema labda kuna makosa, Mnyooshaji alisema karatasi imeshakwenda juu. Turudi nyuma ya foleni, na foleni ni ya miezi. Alikuwa anaona haya. Alisema, "Lakini dada, ni wewe uliyeniambia."

Hayo yalikuwa Jumatatu. Jumatano nilimketisha Baba mbele ya kompyuta kama kawaida, nikaenda kukata kitambaa. Huko nasikia muhuri, ta, ta, ta, moyo unatulia. Niliporudi Baba alikuwa amelala, kidevu kifuani, mkono uko juu ya kipanya kama nilivyouweka. Bahasha zinaingia, zinagongwa. Aliamka amevunja rekodi yake.

Nikamwondoa. Nikachukua mkasi wangu wa kukatia, nikaulaza juu ya kipanya, mshale katikati ya mkanda, nikavuta kiti nikakaa. Mkasi umepata tisini na nne. Mkasi wangu, mdogo wangu, unaweza kuajiriwa posta.

Ukaidi wa Baba sasa nimeuelewa. Mtu aliyegonga muhuri maisha yake yote anajua wake na usio wake. Alijua siku ya kwanza. Alikuwa ananiambia kwa bega, ndilo alilobaki nalo, na mimi nikamshika kifundo nikamrudisha, asubuhi baada ya asubuhi, nikimwambia hongera.

Shangazi ameacha kutembea mtaani. Amesema tu, "Mlimdanganyia kazi yake," akaingia chumbani mwake akafunga lile pazia.

Uliuliza aliteleza vipi. Sakafu ilikuwa kavu.

Dada

*

29 Julai

Dada,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Hii ndiyo fupi kuliko zote, kwa hiyo naituma.

Tangu Mei nilijua kwamba foleni haipotezi kitu. Kama hakuna mbofyo unaopotea, basi hakuna mbofyo. Hilo nilikuwa nalo mkononi, na sikuweza kuliandika. Kosa likiwa kwenye mistari yangu naweza kukaa nalo, nalitafuta, nalipata, nalifuta. Nilitaka liwe langu. Lilipokataa kuwa langu nikatengeneza langu: mshale ukitulia juu ya bahasha, mchezo unahesabu kwamba imegongwa. Mistari minne. Ni programu iliyofanya kazi vizuri kuliko zote nilizowahi kuandika, haikukosea hata mara moja.

Nawe ungeniandikia "kiharusi cha pili", maneno matatu. Silaumu. Nayataja tu kwa kuwa sote wawili tuna kalamu.

Hii flashi ni ya kweli. Nimetoa ile minne. Inasikia kila kitu na haiongezi kitu. Kidole kikitikisika hata kidogo cha kutosha kushusha kitufe, itasikia, hilo naapa. Ukiona anagonga hata moja, mpeleke kwa Mnyooshaji aione kwa macho yake, labda watamrudishia kiti.

Mzee Pole amenipa likizo tangu Juni. Nauli ninayo. Kinachokosekana hakiuzwi, nacho nakijua jina, na siwezi kukiandika hapa.

Mdogo wako

*

16 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika. Shangazi amerudi kuzungumza, ila kwa sentensi fupi. Mvua hakuna. Sare za muhula mpya zimeanza.

Nilimwomba Mnyooshaji aje nyumbani, akaja, siku yake ya mapumziko, bila koti lake. Alikaa kitandani. Mimi nikamweleza Baba kwamba hii ni ya kweli, hakuna atakayemsaidia, na akitaka tuache tutaacha. Akaupeleka mshale kwenye mkanda mwenyewe kwa bega, wala sikumshika.

Bahasha mia zimepita. Alizitazama zote. Hakuruka hata moja, hakufumba jicho, kila moja aliisindikiza mpaka guniani. Kwenye baadhi niliona shingo inakaza na jasho linamtoka juu ya mdomo, na nikatazama kidole, na Mnyooshaji akatazama kidole, na Shangazi akiwa mlangoni akatazama kidole. Kilikuwa kimelala. Nilitega sikio kama ile siku ya kwanza. Hakuna tik.

Ilipopita ya mwisho kioo kikaandika sifuri. Mnyooshaji alipiga magoti, akaunyanyua ule mkono, akaufungua vidole kimoja kimoja, akavifunga, akavifungua. Alifanya hivyo muda mrefu, zaidi ya ilivyohitajika kujua. Kisha akauweka kwenye paja la Baba na kumwomba radhi. Kuhusu kiti hakusema, nami sikuuliza. Baba alimtazama kwa adabu, kama alivyokuwa akiwatazama watu waliofika kaunta imeshafungwa.

Jana nimeirudisha kompyuta shuleni. Mwalimu mkuu aliuliza kama ilitusumbua. Nikamwambia hapana, ni nzima, inasikia kila kitu.

Dada yako